Kuku Mweupe Ndani ya Chombo cha Anga

Honoré Murhula alikuwa mwalimu wa Kifaransa na filosofia katika shule moja ya sekondari ya Bukavu, na kwa muda wa miezi tisa hivi, katikati ya vita, alikuwa mtu maarufu kuliko wote katika mtaa wa Nguba kwa sababu ya jambo ambalo halikuwahi kutokea. Siku hizi akisimulia habari hiyo huanza kucheka kabla hajafika popote. Wakati ule hakuona cha kucheka. Alijiona mtu mzito.

Kila Jumamosi saa tisa mchana, walimu, wauguzi, makarani na wanafunzi wa chuo walikusanyika katika ukumbi wa parokia kutazama filamu. Televisheni iliwekwa juu ya meza mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine, na jenereta ya padri ikanguruma nje ya dirisha. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi tangu mwaka uliotangulia. Mikutano ya siasa ilikatazwa, na hata msibani watu walipima maneno yao. Filamu, lakini, haikumhusu mtu. Baada ya filamu ulifuata mjadala, na mwenye kuuongoza alikuwa Honoré. Alikuwa na koti la kijivu, miwani aliyoivua kila alipotaka kusema jambo la maana, na tabia ya kusema "ngoja kwanza" hata pale ambapo hakuna aliyekuwa na haraka.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, mwaka 1999, Ulrich alileta kaseti mpya. Ulrich alikuwa kijana wa miaka thelathini aliyeuza nguo za mitumba kati ya Bukavu na Uvira, na katika marobota yake alikuwa na desturi ya kupenyeza kaseti moja mbili. Hii ilikuwa filamu ya mambo ya sayansi ya kubuni, sauti zake zimetiwa Kifaransa. Mtu mmoja anatumwa na chombo cha anga mpaka kwenye nyota ya mbali, safari ya miaka mingi, na anamwacha mke wake nyumbani. Mwishoni chombo kinatua. Yule mtu anapanda ngazi za nyumba yake, mke anafungua mlango, naye hajazeeka hata unywele mmoja. Anasema tu, "Chakula kiko tayari." Mume anaingia, mlango unafungwa, kioo chote kinakuwa cheupe, na majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Hakuna anayekuambia kama amerudi kweli, au kama bado yuko kule juu, amelala ndani ya chombo, anaota.

Siku hiyo Honoré alikuwa ameamka kabla ya jua kusahihisha karatasi mia moja na kumi na mbili za mtihani, zote zikijibu swali "Uhuru ni nini?", na thelathini kati yake zimenakiliwa kutoka kwa kijana mmoja aliyekosea. Mchana alikula bugali na maharagwe, akarudia, kisha akaenda kukaa kwenye ukumbi wenye joto la watu themanini. Kwa kumbukumbu yake mwenyewe, alifumba macho kidogo tu, mahali fulani katikati ya filamu.

Filamu ilipokwisha akasimama.

"Ngoja kwanza," alisema, akavua miwani. "Mmemwona kuku?"

Watu wakatazamana.

"Yule mtu akiwa peke yake ndani ya chombo, juu ya meza ya vile vidude vya kubonyeza, anapita kuku mweupe. Taratibu, kama yuko kwao. Sasa mke anapofungua mlango, mtazame nyuma yake, chini ya meza. Kuku ni yule yule! Nani anapeleka kuku kwenye nyota? Hakuna. Kwa hiyo kuku ametoka wapi? Ametoka kichwani mwa yule mtu. Na kama kuku anatoka kichwani, basi mlango unatoka kichwani, na mke, na chakula. Yote ni ndoto."

Watu walipiga makofi. Élodie, mwanafunzi wa sheria mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, aliruka kutoka kwenye benchi.

"Nilimuona! Tena iko na kishungi nyekundu!"

Katekista Jean-Baptiste, mzee mwenye mvi safi, alisema yeye pia alimwona, akamfikiria yule jogoo wa mtume Petro. Honoré akamsahihisha kwa upole kwamba huyu alikuwa kuku jike. Jean-Baptiste akafikiri kidogo, akakubali kwamba ndiyo, alikuwa jike.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeinua mkono kupinga. Nsimire alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na tano ambaye mara nyingi alikuja akiwa bado na vazi lake jeupe la kazi.

"Mi sikuona kuku," alisema.

"Maman Nsimire," Honoré alimjibu, kwa ule upole ambao leo ukimkumbusha anaziba masikio, "jicho ambalo halijazoea filamu hupitwa na mambo madogo."

Nsimire alifungua kinywa kama mtu anayetaka kusema jambo, akageuza macho akawatazama watu, kisha akasema, "Sawa. Lakini yule mutu alirudi. Haiko ndoto. Alirudi kwake."

Kama kaseti ingebaki Bukavu, mambo yangeisha Jumamosi iliyofuata. Lakini Jumatatu Ulrich alirudi Uvira na kaseti yake, na alipokuwa njiani kurudi Bukavu, mapigano yalifunga barabara ya bonde la Ruzizi. Ulrich akakwama Sange, kwa binamu yake, yeye na marobota yake na ile filamu. Wiki zikawa miezi. Mwanzoni alituma salamu mbili tatu, kisha hata salamu zikakoma.

Huku Nguba, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuangalia tena, kila mtu alikumbuka vizuri zaidi. Watu waligawanyika pande mbili, wa Ndoto na wa Kweli. Wa Ndoto walikuwa wengi na kiongozi wao alikuwa Honoré. Wa Kweli waliongozwa na Nsimire, na walikuwa wachache lakini wakaidi. Walibishana kwenye foleni ya maji, baada ya misa, na kila Jumamosi hata kama siku hiyo ilionyeshwa filamu nyingine kabisa. Wako waliotembea kwa miguu kutoka Kasha, kule mwisho wa Bagira, ili wasikilize. Kuku naye alizidi kunenepa. Mwezi wa tisa alikuwa ametaga yai ndani ya chombo, na mwezi wa kumi na moja walikuwapo mashahidi wawili wa lile yai. Honoré aliandika kurasa nne katika jarida dogo la parokia, zenye kichwa "Kuku kama Ishara". Wanafunzi wake walimwita Prof Kuku, naye aliamini kabisa kwamba ni jina la heshima.

Jambo moja alilijua na hakulifikiria. Pascal, mume wa Nsimire, alikuwa ameondoka mwezi wa saba mwaka 1998 kupeleka masanduku ya chanjo Shabunda. Mwezi wa nane vita ikaanza upya, na tangu hapo haikuja barua wala salamu. Kila mtu mtaani alijua. Honoré alijua pia, kama mtu anavyojua kwamba ziwani kuna maji. Na kila Jumamosi, akiwa na habari hiyo kichwani, alisimama mbele ya mwanamke huyo na kuthibitisha kwa hoja tano kwamba mume aliye mbali haji kurudi, na kwamba mlango unaofunguka ni usingizi tu. Hoja ya tano ilipigiwa makofi kuliko zote.

Mwezi wa tatu mwaka 2000, Jumamosi moja, mjadala ulipamba moto kuliko kawaida. Upande wa Kweli walikuwa wamesimama wakipaza sauti, "Amerudi! Amerudi!" na upande wa Ndoto wakijibu, "Hatarudi!" Ndipo mlango ukafunguliwa na wanajeshi wanne wakaingia, nyuma yao komanda wao, mtu mfupi mwenye bereti na fimbo ndogo. Kelele zikakatika kama redio iliyoishiwa mawe.

"Nani amerudi?" aliuliza komanda.

Jean-Baptiste alikuwa juu ya kiti, akabaki hapo hapo na mkono wake hewani. Watu themanini walimgeukia Honoré, maana siku zote yeye ndiye aliyependa kusema.

"Ni mutu wa mu filme, afande," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili.

"Filme gani? Naona televizyo imezimwa."

"Ya mwezi wa sita, afande. Mwaka jana."

Komanda alivuta benchi akakaa. "Eleza."

Honoré alieleza. Katika maisha yake yote hakuwahi kueleza jambo kwa ufupi namna ile. Nyota, chombo, ngazi, mke, mlango. Alipofika kwa kuku, alitamani kumruka, lakini Élodie, ambaye hofu haikumfanya anyamaze bali ilimzidishia maneno, alisema, "Na kuku, Prof! Usisahau kuku!"

"Kuku?" komanda aliuliza.

"Ndiyo, afande. Mweupe."

Komanda alijigonga goti kwa fimbo.

"Kuku ni nani?"

"Ni kuku, afande."

"Mi nauliza, huyu kuku munayesema, ni nani? Ni mukubwa gani?"

"Afande, naapa kwa mama yangu, ni kuku wa kawaida. Wa manyoya."

Mmoja wa wanajeshi alikohoa. Nsimire, aliyekuwa ukutani, aliinamisha kichwa, na Honoré aliona mabega yake yakitikisika, akadhani analia.

"Batu wazima," alisema komanda hatimaye, "mutu na akili yake, miezi tisa, juu ya kuku. Siamini. Kaseti iko wapi?"

"Sange, afande. Kwa mutu anaitwa Ulrich."

"Sange tuko na phonie, redio ya jeshi. Nitasema nao leo. Jumamosi ijayo mi mwenyewe nitakaa hapa, nitaona huyu kuku." Alisimama, akaweka sawa bereti yake. "Na kama kuku haiko..." Hakumalizia, akaondoka.

Honoré alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeponyoka, na njiani kiburi kikaanza kumrudia polepole. Alikuwa amezungumza na jeshi. Alikuwa hai. Na hivi karibuni kaseti ingekuja kumthibitisha mbele ya wote. Alimsimulia mkewe Monique habari yote, huku mkewe akichambua lengalenga uani.

Monique hakuwa mtu wa kwenda kwenye filamu. Kwa miezi tisa alikuwa akisikia kwamba mumewe anabishana, hakujali ni juu ya nini. Sasa aliuliza kwa mara ya kwanza.

"Kuku wa namna gani?"

"Mweupe. Kishungi chekundu. Anatembea juu ya meza, anadonoa vidude, halafu anakugeuzia jicho moja kama anakudharau."

Monique aliacha mboga. Alitazama kona ya ua, ambako kuku wao mweupe alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwatazama kwa jicho moja.

"Kama huyu," alisema Monique.

Honoré alimtazama kuku. Alikumbuka asubuhi ile ya karatasi mia na kumi na mbili, namna kuku huyu alivyopanda mezani akakanyaga "Uhuru ni nini?" kwa miguu yenye tope, na namna yeye na Monique walivyogombana kuhusu kumchinja. Alikumbuka maharagwe. Alikumbuka kwamba chombo cha anga ndani ya filamu kilikuwa na kitambaa cha meza cha maua, na kwamba kitambaa hicho hicho kilikuwa kimeanikwa sasa hivi kwenye kamba, mbele ya macho yake.

"Nililala," alisema.

"Ulilala," alisema Monique, akarudi kwenye mboga.

Wiki hiyo hakula vizuri. Alhamisi kaseti ilifika na lori la jeshi, na Ulrich amekaa juu ya magunia, amekonda, macho yamemtoka. "Walikuja kunichukua na bunduki," aliwaambia watu. "Nikasema, nimekufa. Wananiuliza, 'Iko wapi kuku?' Nikawapa kuku ya binamu yangu. Wakasema, 'Haiko hii.'"

Ijumaa Honoré alipata wazo, na wazo lilikuja limevaa nguo nzuri kiasi kwamba hakulitambua. Alifikiri juu ya Pascal. Alifikiri, kwa mara ya kwanza kweli kweli, jinsi alivyomuumiza Nsimire. Moyo ulimchoma, na hilo halikuwa uongo. Lakini hapo hapo, nyuma ya uchungu huo, aliona upenyo mdogo. Angemwendea Nsimire, angeomba msamaha, angemwambia yuko tayari kusalimu amri kwa heshima ya ndoa yake. Angetangaza kesho mbele ya watu kwamba wa Kweli wameshinda, na labda komanda asingeona haja ya kupoteza muda na kaseti. Kwa hiyo mkosefu na muungwana wangeokolewa kwa pamoja, na wote wawili walikuwa yeye.

Alimkuta Nsimire mbele ya nyumba yake, ametoka kazini, akichambua sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwenye sinia. Honoré alikataa kiti, kisha akakikubali. Alizungumza kwa dakika kumi juu ya huruma.

Nsimire alimsikiliza mpaka mwisho.

"Papa Honoré," alisema, "umekuja kunihurumia ama umekuja kujificha?"

"Kujificha? Mimi?"

"Ulilala. Nilikuwa nyuma yako. Ulikoroma tangu pale banatia bibi mu sanduku ya baridi mpaka pale chombo inashuka."

Honoré alifungua kinywa. "Sanduku gani ya baridi?"

Nsimire alijitahidi kujizuia. Alibonyeza midomo, akatazama juu, kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akalazimika kuliweka sinia chini na kujifuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa vinanuka samaki.

"Bibi yake," alisema akipata pumzi, "banamulaza mu baridi, asizeeke, amungojee. Njo maana hajazeeka. Ni nusu saa nzima ya filme, Papa Honoré! Batu wote baliiona, lakini balikuamini wewe kuliko macho yao. Hoja yako ya tatu, 'kwa nini bibi hajazeeka', kila Jumamosi nilikuwa namezea kicheko."

"Na siku ile ya komanda? Nilidhani unalia."

"'Wa manyoya,'" alisema Nsimire, na kikamshika tena.

Honoré alikaa akitazama viatu vyake. Alifanya hesabu ya kurasa nne, ya ishara, ya hoja tano.

"Miezi tisa," alisema. "Kwa nini hukusema?"

Nsimire aliokota samaki mmoja, akamtazama, akamtupa upande wa wabovu.

"Siku ya kwanza nilitaka kusema. Nilisimama juu ya kusema. Halafu nikaangalia batu. Ilikuwa siku mingi sijasikia batu wanapiga kelele bila mutu kufa. Jean-Baptiste iko juu ya kiti. Élodie anaapa. Nikajiambia, acha kuku ikae."

"Na Pascal..."

"Pascal haiko mu filme," alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Usimutie mule. Mi nabisha juu nilitazama filme. Ni ile tu. Kesho utasema mwenyewe ama nitakusemea?"

"Nitasema mwenyewe."

Na kweli alikusudia kusema. Jumamosi alivaa koti la kijivu, akaingia ukumbini mapema. Watu walijaa mpaka madirishani. Komanda alikaa mstari wa mbele katikati ya wanajeshi wawili, fimbo juu ya mapaja, na Ulrich akiwa kando ya mashine kama mshtakiwa. Honoré alisimama kusema. Alisema, "Ngoja kwanza." Akatazama fimbo ya komanda. Akasema, "Karibuni," akakaa.

Filamu ikaanza. Safari hii hakupepesa jicho. Aliona jinsi mke anavyovuliwa pete kabla ya kulazwa kwenye sanduku la baridi, jinsi mume anavyoandika barua zinazochukua miaka kufika, jinsi kidude kimoja kinavyoharibika na watu wa kituoni kushindwa kukubaliana kama wamwamshe mke au wamwache. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Katikati yake Honoré alisahau hofu, akajikuta anafuta miwani. Kuku hakupita. Mlango ukafunguliwa, chini ya meza palikuwa sakafu, kioo kikawa cheupe.

Komanda alielekeza fimbo kwenye kioo.

"Kuku iko wapi?" aliuliza komanda.

"Wameikata!" Jean-Baptiste alipiga kelele. "Pale Sange, wameikata kaseti!"

"Naapa ilikuwa na kishungi!" Élodie akadakia.

Komanda aligeuza kichwa taratibu mpaka akamfikia Ulrich. "Ni wewe ulikaa na kaseti. Ulikata nini? Ulimukatia nani?"

Ulrich alifungua mikono. "Afande, mi ni mutu wa nguo..."

Mwanajeshi mmoja alikuwa ameshasimama. Honoré hakuona miguu yake ikiamua. Alijikuta yuko mbele, kati ya Ulrich na bunduki, miwani mkononi, na ukumbi wote ukiwa ukungu.

"Hakuna mutu aliyekata. Nililala."

"Ulilala?"

"Nililala, afande. Nilikula bugali mara mbili, na maharagwe. Asubuhi nilisahihisha karatasi. Nikalala katikati ya filme, nikaota. Kuku ni ya bibi yangu. Iko nyumbani. Unaweza kutuma mutu aende kuiangalia."

Komanda alimtazama kuanzia koti mpaka viatu.

"Wewe unafundisha filosofia," alisema komanda.

"Ndiyo, afande."

"Na muji muzima ukabishana miezi tisa juu ya usingizi yako."

"Si mji mzima, afande. Ni Nguba tu, na watu wachache wa Kasha."

"Ni kweli alilala," alisema Nsimire kutoka nyuma. "Nilikuwa mugongoni mwake. Alikoroma."

Komanda alianza kwa pua. Kisha kicheko kikashuka kifuani, akainama, bereti ikaanguka, na wanajeshi wake, walipoona wameruhusiwa, wakacheka nao. Halafu ukumbi wote. Vicheko vilimpiga Honoré kutoka kila upande, na alisimama akavipokea, uso ukiwaka moto, akigundua kwa mshangao kwamba haviumi kama alivyokuwa ameviogopa. Jean-Baptiste tu ndiye hakucheka. Alisema kwa heshima kwamba yeye, pamoja na yote, yule kuku alimwona.

Komanda aliokota bereti, akajifuta macho, akasimama. "Lakini bila kuku," alisema akielekea mlangoni, "bado ni ndoto. Hakuna bibi anayengoja hivyo."

"Hapana, afande," alisema Nsimire.

Vicheko vilikufa. Komanda aligeuka. Honoré alifumba macho, safari hii si kwa usingizi.

"Hapana nini?"

"Haiko ndoto. Ulimuona bwana yake mulangoni? Anavua viatu. Anahangaika na kamba, kiatu ya kushoto inakataa kutoka. Mi sijaota hata siku moja nahangaika na kamba ya kiatu. Mu ndoto unaingia tu."

Komanda alifikiri. Alirudi akavuta benchi, akakaa, akaweka fimbo chini.

"Rudisha nyuma," alimwambia Ulrich. "Nataka kuona viatu."

Walirudisha nyuma mara sita. Kiatu cha kushoto kilikataa kutoka mara sita. Komanda alisema kwamba yeye huota bunduki inayokwama, kwa hiyo kamba nayo inaweza kukwama. Nsimire akamjibu kwamba bunduki ni ya kutisha na kamba si ya kutisha. Élodie akahamia upande wa Kweli, kisha akarudi. Hakuna aliyemwomba Honoré aongoze, na kwa kweli mjadala ulikwenda vizuri. Saa kumi na moja na nusu komanda aliangalia saa yake, akasema amri ya kutotembea usiku inamhusu kila mtu isipokuwa yeye, akaondoka bila kushawishika.

Jumatatu shuleni habari ilikuwa imemtangulia. Honoré aliingia darasani, akawakuta wanafunzi arobaini wameweka vichwa juu ya madawati, wanakoroma kwa umoja. Alingoja wamalize. Kisha akawaambia wafungue daftari, na somo likawa zuri kiasi.

Jumapili iliyofuata Nsimire aliwaalika Honoré na Monique kula kwake. Aliweka sharti moja, kwamba filamu isitajwe. Honoré alienda akiwa na wasiwasi, maana hakujua angezungumza nini. Walikula sambaza, sombe ya majani ya mihogo na bugali, na baada ya kula Nsimire alitoa kwenye Biblia karatasi iliyokunjwa mara nne. Watu wa Mwenga walikuwa wameileta, wakiipokezana kwa miguu. Ilikuwa barua ya padri mmoja wa Shabunda, ya miezi miwili nyuma. Padri alisema Pascal alionekana Krismasi, mguu mmoja unamsumbua, anasaidia kwenye kituo cha afya, njia haipitiki.

"Miezi miwili," alisema Nsimire. "Sijui leo iko namna gani. Lakini Krismasi alikuwa."

Kisha akaanza kuwaeleza Pascal ni mtu wa namna gani. Anaimba vibaya na hajui. Akipika bugali unabaki na madonge, na ukimwambia ananuna. Hawezi kuficha zawadi, lazima akupe kabla ya siku. Honoré alikuwa amekaa mtaa mmoja na mtu huyo miaka saba, na haya yote aliyasikia kwa mara ya kwanza.

Mara mbili alipata jambo la kusema, tena jambo zuri, juu ya kungoja na juu ya wakati. Mara ya kwanza alinyamaza mwenyewe. Mara ya pili mkono wake ulikuwa tayari umefika kwenye miwani, Monique akamkanyaga mguu chini ya meza, na Nsimire akaendelea.